Mahindi Yasiachwe Peke Yake

Mwezi huu tunasafiri mbali bila kutoka jikoni. Tunakwenda El Salvador, nchi ndogo ya Amerika ya Kati, kutazama chakula kiitwacho pupusa. Wenzetu wa huko hula mahindi karibu kila siku kama sisi, na bibi zao walituachia mafunzo ambayo yanaweza kulinda afya ya watoto wetu.

Pupusa ni mkate wa mviringo wa unga wa mahindi, mnene kuliko chapati. Ndani hutiwa maharage yaliyopondwa, jibini au nyama ya nguruwe iliyosagwa. Kisha donge hufungwa, hutandazwa kwa viganja na kuchomwa juu ya kikaango kipana. Huliwa pamoja na kachumbari ya kabichi na karoti yenye siki. Mwaka 2005 Bunge la nchi hiyo liliitangaza pupusa kuwa chakula cha taifa, na Jumapili ya pili ya Novemba ikawekwa kuwa siku yake.

Funzo la kwanza liko kwenye chokaa. Mahindi hayasagwi makavu. Huchemshwa kwa maji yenye chokaa ya chakula, hulowekwa usiku kucha, huoshwa maganda, ndipo husagwa. Mahindi yana vitamini iitwayo niasini, lakini sehemu kubwa yake imefungwa, mwili hauwezi kuichukua. Chokaa huifungua. Tena huongeza kalsiamu, madini yanayojenga mifupa na meno.

Mahindi yalipovuka bahari kwenda Ulaya na Afrika, elimu hiyo ya chokaa ilibaki nyuma. Watu walioishi kwa mahindi matupu wakapata ugonjwa wa pelagra: ngozi hubabuka panapopigwa jua, tumbo huharisha, akili huvurugika, na asiyetibiwa huweza kufa. Tusidhani ni habari za kale. Mwaka 1990, wakimbizi kutoka Msumbiji zaidi ya 17,000 walipatwa na pelagra nchini Malawi. Chakula chao kikuu kilikuwa mahindi, na karanga walizokuwa wakigawiwa zilikosekana. Basi mama asiseme tu, "Wanangu wameshiba." Kushiba ni jambo moja, kulishwa vizuri ni jingine.

Funzo la pili ni maharage. Protini ya mahindi ina upungufu wa kirutubisho kiitwacho laisini, ambacho watoto wanakihitaji ili wakue. Maharage yanacho kwa wingi. Nayo maharage yana upungufu mwingine ambao mahindi huujaza. Ni kama majirani wawili, mmoja ana chumvi na mwingine ana kiberiti. Pupusa moja ya maharage yenye gramu 125 hivi huwa na kalori zipatazo 280 na protini kama gramu 7.

Funzo la tatu ni ile kachumbari. Vitamini C iliyomo katika kabichi mbichi husaidia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyomo katika maharage. Mama mjamzito na binti aliyevunja ungo wanayahitaji sana madini hayo ili wasipungukiwe damu. Chai, kwa upande wake, huyazuia. Afadhali inywewe baadaye, si pamoja na mlo.

Tukumbuke pia kwamba pupusa iliyojaa jibini na nyama ya mafuta huwa na mafuta na chumvi nyingi. Kama baba watoto ana shinikizo la damu, mwekee ya maharage.

Sisi tuliijaribu jikoni kwetu kwa unga wa ugali. Ilipasuka yote! Kumbe chokaa ndiyo inayolifanya donge lishikamane. Mara ya pili tulichanganya vikombe 2 vya unga wa mahindi na kikombe 1 cha unga wa ngano, chumvi kidogo na maji ya moto. Tukafanya madonge ya ukubwa wa yai, tukatia ndani maharage yaliyoiva na kupondwa pamoja na kitunguu, tukayabana vizuri na kuyatandaza. Tulichoma kwa mafuta kidogo, dakika 4 hivi kila upande. Watoto waliomba tena.

Tunawaonya: chokaa ya kupaka ukuta si ya chakula. Msiitie kabisa kwenye mahindi. Kwa kuwa unga wetu haukupitia chokaa, niasini tuitafute kwenye karanga, dagaa, samaki, kuku na nyama. Kijiko cha karanga zilizosagwa laini katika uji wa mtoto ni kitu kidogo, lakini kina kazi kubwa.

Wala si lazima kupika pupusa. Makande ya bibi zetu yameunganisha mahindi na maharage tangu zamani. Ugali kwa maharage na kachumbari ni mlo wa heshima. Leo jioni, kabla hujapakua, tazama sahani ya mtoto wako na ujiulize: je, mahindi yana mwenzake?

Tukutane tena mwezi ujao, akina mama. Mpike kwa furaha.