Barua kutoka Ugenini: Mahali patano ninapopapenda mjini Florence



Mama mmoja wa kikundi cha ushonaji aliniletea swali kupitia gazeti letu: «Wewe unayeishi Italia, kila mara tunaona kwenye televisheni makanisa makubwa na sanamu za marumaru. Mama wa kawaida, asiye na pesa za kutupa, anaenda kuona nini huko?» Swali zuri. Leo nalijibu.

Ninakaa Florence, mji ambao wenyeji wenyewe wanauita Firenze. Uko katikati ya Italia, umepitiwa na mto Arno, na ukiutazama kutoka mlimani unaona bahari ya vigae vyekundu, na katikati yake kuba kubwa la kanisa kuu. Wageni wanafika kwa mamilioni. Wanapiga picha mbele ya kuba, wanapanga mstari kumwona Daudi wa Michelangelo, na jioni wanapanda treni kwenda zao. Sisi tunaokaa hapa tuna njia zetu wenyewe.

Nimewachagulia mahali patano. Kila mahali hapo kuna mwanamke aliyeacha alama, na alama yake haikupotea kwa sababu iliandikwa, au ilitiwa sahihi, au mtu aliitunza. Shikeni neno hilo, nitalirudia mwishoni.

1. Nyumba ya watoto walioachwa

Kwenye uwanja wa Santissima Annunziata kuna jengo refu lenye baraza la nguzo nyembamba, nzuri sana. Ni Ospedale degli Innocenti, maana yake Hospitali ya Wasio na Hatia. Ujenzi ulianza mwaka 1419. Chama cha wafanyabiashara wa hariri ndicho kilichogharamia, na fundi alikuwa Filippo Brunelleschi, yule yule aliyejenga kuba la kanisa kuu. Halikuwa jumba la mfalme. Lilikuwa nyumba ya kupokea watoto wachanga walioachwa.

Mtoto wa kwanza alipokelewa tarehe 5 Februari 1445. Alikuwa msichana, wakamwita Agata Smeralda. Baada yake wakaja wengine, maelfu kwa maelfu, kwa zaidi ya miaka 400. Baadaye ukuta uliwekewa dirisha la vyuma ambamo kichanga tu angeweza kupita. Mama alimpitisha mtoto usiku, akaondoka bila kuonwa na mtu. Dirisha hilo lilifungwa mwaka 1875, lakini mahali pake bado panaonekana.

Ndani kuna makumbusho, na hapo ndipo ninapowapeleka wageni wangu kwanza. Utaona visanduku vidogo, kila kimoja na kitu chake: nusu ya medali, kipande cha sarafu, msalaba mdogo, utepe, shanga. Mama aliyemwacha mtoto alikata kitu vipande viwili. Kimoja alimvalisha mtoto, kingine alibaki nacho. Siku ambapo maisha yangekuwa mepesi, angerudi, wangeunganisha vile vipande viwili, na mtoto wake angejulikana. Makarani wa nyumba ile waliandika kila kitu kitabuni: siku, saa, nguo alizovaa mtoto, na alama aliyokuja nayo. Vitabu hivyo vipo hadi leo.

Wamama wengi hawakurudi kamwe. Nusu zile zimebaki nusu. Mtu akisema mbele yangu kwamba mwanamke anayeacha mtoto hana moyo, mimi namwambia: nenda kwanza uone vile visanduku. Umaskini ulimnyang'anya mama mikono ya kumlelea mtoto, tumaini hakuliacha.

Ukitoka nje, inua macho juu ya nguzo. Utaona watoto wachanga wa udongo uliochomwa, weupe juu ya duara la bluu, wamevingirishwa vitambaa kama tunavyowavingirisha wetu. Ni kazi ya Andrea della Robbia. Kuwaona hao hulipi kitu. Juu kabisa ya jengo, mahali ambapo wanawake walikuwa wakianika nguo, leo kuna mkahawa wenye upepo mzuri. Na kazi ya nyumba haijafa: hadi leo taasisi hiyo inahudumia watoto na wamama wenye shida.

2. Maktaba ya Oblate

Hatua chache kutoka kanisa kuu kuna hospitali ya Santa Maria Nuova. Ilianzishwa mwaka 1288 na tajiri Folco Portinari, na mpaka leo wagonjwa wanatibiwa humo. Masimulizi ya mji yanasema aliyemsukuma tajiri huyo ni mtumishi wa nyumbani kwake, mwanamke aliyeitwa Monna Tessa. Yeye na wenzake wakajitoa kuhudumia wagonjwa, na kutoka kwao likazaliwa shirika la wanawake walioitwa Oblate, yaani waliojitolea.

Nyumba yao ilikuwa ng'ambo ya barabara. Humo walifua na kuanika mashuka ya hospitali, karne baada ya karne. Wote mnajua uzito wa shuka lililolowa maji. Hesabuni basi mashuka ya hospitali nzima, na mikono peke yake.

Leo nyumba ile ni maktaba ya watu wote, tangu mwaka 2007. Kuingia ni bure. Kuna sehemu ya watoto, kuna meza za wanafunzi, na ghorofa ya juu kuna mkahawa ambapo kuba la kanisa kuu linakutazama uso kwa uso. Wageni wengi hulipa ili kupata sura kama hiyo. Mimi huagiza kahawa moja, nakaa kivulini, nasoma. Hakuna anayeniuliza nimetoka wapi. Kwa mama wa ugenini mwenye watoto na chumba kimoja cha kupanga, mahali kama hapa ni neema.

3. Karamu ya Sista Plautilla

Karibu na kituo kikubwa cha treni kuna kanisa la Santa Maria Novella na makumbusho yake. Mwone humo Plautilla Nelli. Alikuwa sista wa Wadominiko, aliishi kati ya 1524 na 1588, na alijifunza kuchora mwenyewe, kwa kutazama na kurudia, kwa sababu wasichana hawakupokelewa katika karakana za mabwana wachoraji. Hata hivyo alichora Karamu ya Mwisho yenye urefu wa karibu mita 7, na mitume wa kimo cha watu halisi.

Angalieni meza yake. Mwanamke ndiye aliyeipanga, na inaonekana: mkate, divai, nyama ya mwanakondoo, maharage mabichi, majani ya saladi, kitambaa kilichopigwa pasi hadi mikunjo inaonekana. Yesu na wageni wake hawatalala njaa.

Picha hiyo ilikaa miaka mingi bila kuonwa na watu wa nje. Ikasafishwa na kutengenezwa kwa miaka 4, na tangu 2019 iko wazi kwa wote. Pembeni, Plautilla aliandika jina lake, na akaomba watazamaji wamwombee yeye mchoraji. Tena alilitumia neno la kike, ili asije mtu kusema kazi hii ilifanywa na mwanaume. Bila maneno yale machache, nani angemkumbuka?

4. Upanga wa Artemisia

Uffizi ni makumbusho maarufu kuliko yote ya mji, na mstari wake ni mrefu. Msiogope. Jumapili ya kwanza ya kila mwezi makumbusho ya serikali ya Italia ni bure, na walio chini ya miaka 18 hawalipi siku yoyote. Amkeni mapema tu.

Mimi nikiingia, naenda kumtafuta Artemisia Gentileschi. Alizaliwa Roma mwaka 1593, binti wa mchoraji. Mwaka 1611 alibakwa na mchoraji aliyefanya kazi pamoja na baba yake. Kesi ikafika mahakamani mwaka 1612. Mashtaka yalikuwa juu ya mwanaume, lakini binti ndiye aliyefungwa kamba vidoleni na kukazwa, vidole vile vile vya kushikia brashi, ili ijulikane kama anasema kweli. Hakubadili neno. Mwanaume alihukumiwa, ingawa adhabu haikumshika sawasawa.

Mbele ya waamuzi, Artemisia alisema kwamba hajui kuandika. Baada ya kesi akaolewa, akahamia hapa Florence. Hapa alizaa, hapa alizika watoto, hapa alijifunza kuandika akiwa mtu mzima, na barua za mkono wake zipo hadi leo. Mwaka 1616 akapokelewa katika chama cha wachoraji cha mji, mwanamke wa kwanza kuingia humo.

Picha yake iliyoko Uffizi inamwonyesha Yudithi wa Biblia akimkata kichwa jemadari Holoferne. Inatisha, mkiwa na watoto wadogo pita nao haraka. Lakini tazameni mikono ya Yudithi na ya mtumishi wake: ni mikono ya wanawake waliozoea kazi, na wanasaidiana. Juu ya upanga mchoraji ameandika kwamba yeye Artemisia ndiye aliyeifanya. Kwetu sisi tunaotoka mahali ambapo dada wengi wamepitia uchungu kama wake, na wengi wameambiwa wanyamaze, upanga huo una sauti. Haukusema uchungu umekwisha. Ulisema: mimi nipo, na jina langu ni hili.

5. Kaburi la mama asiye na mtoto

Nyuma ya kanisa la San Lorenzo kuna makaburi ya ukoo wa Medici, watawala wa mji huu kwa muda mrefu. Chini, mahali ambapo wengi wanapita bila kusimama, amezikwa Anna Maria Luisa, wa mwisho wa ukoo. Aliolewa Ujerumani, hakubahatika kulea mtoto, mumewe akafa mwaka 1716, akarudi nyumbani. Kaka yake, mtawala wa mwisho wa ukoo huo, alipokufa mwaka 1737, nchi ikaenda kwa ukoo mwingine kutoka nje.

Wangeweza kubeba kila kitu: picha, sanamu, vitabu, vito. Miji mingine ilipatwa na hayo. Lakini Anna Maria Luisa alikaa mezani na mtawala mpya, na tarehe 31 Oktoba 1737 wakaandika mapatano: mali ya sanaa ya ukoo wake inabaki, na hakuna kitakachotolewa nje ya mji na nchi, kwa faida ya watu wote na ili wageni wavutwe kuja kuona. Alikufa tarehe 18 Februari 1743. Kila mwaka siku hiyo mji unamkumbuka, na makumbusho ya manispaa yanafunguliwa bure.

Fikirini. Mwanamke ambaye watu wa wakati wake walimhesabu kuwa hakuacha kitu, kwa sababu hakuacha mtoto, ndiye aliyetuachia karibu kila kitu ambacho ulimwengu unakuja kuona hapa. Uffizi ingekuwa kuta tupu.

Na njaa ikiuma?

Acheni mikahawa ya uwanja mkubwa. Nendeni soko la Sant'Ambrogio, asubuhi, siku yoyote isipokuwa Jumapili. Nje wanauza mboga, ndani nyama na jibini. Ombeni ribollita, supu nzito ya maharage, mkate mkavu na majani meusi ya kabichi. Ni chakula cha maskini ambacho hakikutupa hata kipande cha mkate. Mkate wao hauna chumvi, msishangae. Sombe sitawadanganya, sokoni hapo sijaiona.

Sasa nirudi kwenye neno nililowaambia mlishike. Nusu ya medali bila kitabu cha karani ingekuwa chuma tu. Picha ya Plautilla bila jina ingekuwa ya mtu mwingine. Nia njema ya Anna Maria Luisa bila karatasi ingechukuliwa na upepo. Basi, wamama, tuandike. Mtoto akizaliwa, aandikishwe etasivili ndani ya siku 90. Ndani ya muda huo ni bure, na jina lake litakuwa na mahali pa kurudi. Daftari la likelemba lisomwe mbele ya wote na litiwe sahihi. Mnaposuka kikapu au kushona kitambaa, jina la aliyekifanya liwekwe chini. Mke na mumewe wakiwa bado wote wawili hai, waandike shamba ni la nani. Na dada asiyejua kuandika asione haya. Artemisia alijifunza akiwa mtu mzima, nasi tunaweza kuanza Jumatatu.

Mama wa ushonaji, natumaini nimekujibu. Wiki ijayo nitawaeleza namna wamama wa hapa wanavyolea watoto katika lugha mbili bila kupoteza moja. Mbaki na amani, na muwabusu watoto kwa niaba yangu.