Mmarekani tajiri anafuata nini Moshi?

Hakimbii kodi. Marekani, kama Eritrea, huwadai kodi raia wake hata wakiishi ughaibuni.

Kinachomvuta tajiri huyo hadi Shanty Town, Moshi, ni ubaridi wa miteremko ya Kilimanjaro, uwanja wa KIA ulio jirani, na dola inayotosha kulipa mpishi, mlinzi na mtunza bustani.

Kikwazo ni ardhi. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inamzuia asiye raia kumilikishwa ardhi, isipokuwa kwa uwekezaji. Kihamba cha Marangu, chenye migomba, kahawa na makaburi ya mababu, hawezi kukinunua akastaafu humo. Hapo ndipo hushawishika kutumia jina la mwenyeji, naye mwenyeji huona fedha za haraka; ilhali wanaobaki bila shamba ni wanawe.