Songwe ina mahindi mengi, kwa nini watoto wanadumaa? Tuangalie namna ya kugawana mboga na maharage

Mkoa wetu ni miongoni mwa mikoa inayolisha nchi. Mbozi kuna mahindi, maharage, kahawa na parachichi. Ileje kuna ndizi na maharage. Bonde la Kamsamba kule Momba linatoa mpunga. Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, NFRA, hununua mahindi hapa hapa kwetu, na malori mengine huelekea mpakani Tunduma.

Lakini Utafiti wa Afya ya Uzazi na Mtoto na Viashiria vya Malaria wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba karibu asilimia 32 ya watoto wa chini ya miaka mitano mkoani Songwe wamedumaa. Wastani wa taifa ni asilimia 30. Mikoa mingine ndiyo iko pabaya zaidi: Iringa karibu asilimia 57, Njombe 50 na Rukwa karibu 50. Hiyo yote ni mikoa ya mahindi.

Mtoto aliyedumaa ni yule ambaye kimo chake ni kifupi kuliko umri wake, hasa kwa sababu ya kukosa lishe bora kwa muda mrefu. Madhara makubwa hutokea katika siku 1,000 za mwanzo, tangu mimba inapotungwa hadi mtoto anapofikisha miaka miwili. Baada ya hapo ni vigumu sana kurudisha kilichopotea.

Njaa ya aina gani?

Nyumba nyingi zenye shida hapa kwetu hazikosi ugali kila siku. Zinakosa cha kuulia. Mtoto anashiba ugali na mchuzi mwepesi, lakini hapati maharage, mboga za majani, matunda wala yai.

Zipo pia kaya zinazokosa hata unga. Wengine ni vibarua wasio na shamba, na wengine ni bibi wanaolea wajukuu. Wapo pia waliouza mahindi mapema ili kulipa deni au ada, kisha wakalazimika kununua unga ghali kabla ya mavuno mapya. Soko la mpakani linaongeza kishawishi hicho. Zambia ilipotangaza ukame kuwa janga la taifa mwaka 2024, mahindi ya Tanzania yalihitajika sana upande wa pili. Bei nzuri ni baraka kwa mkulima mwenye ziada, lakini kwa asiye na akiba ni mtihani.

Tugawane nini, na lini?

Mtu akisema "tusaidie wenye njaa", wengi tunafikiria debe la mahindi. Debe hilo lina msaada mkubwa Januari hadi Machi, wakati ghala za wengi zimepungua na mazao mapya bado yako shambani. Lakini miezi hiyo mvua inanyesha, na majani ya maboga, mchicha na majani ya maharage yanapatikana kirahisi.

Kuanzia Agosti hadi Oktoba mambo hugeuka. Mahindi yapo ndani, ila mboga zimebaki kwa wenye bustani za mabondeni na wanaomwagilia. Hapo fungu la chainizi au kisado cha maharage kina faida kubwa kwa mtoto kuliko mahindi zaidi.

Nyanya, kabichi na parachichi huiva kwa pamoja, bei inaanguka, na mengine huozea shambani kwa sababu hata gharama ya kusafirisha hairudi. Mzigo huo ungeweza kuliwa kijijini siku hiyo hiyo. Kikwazo ni kwamba mboga haisubiri, na hakuna aliyepangwa kuipokea.

Zipitie wapi?

Njia ya kwanza ni shule. Wazazi wengi tayari huchangia mahindi na maharage kwa ajili ya chakula cha wanafunzi. Mwenye kabichi nyingi anaweza kupeleka jikoni shuleni asubuhi, na zikaliwa mchana na watoto wote. Hakuna mtoto anayeoneshwa kidole kwamba kwao ni maskini.

Lakini shule haimfikii mtoto wa mwaka mmoja. Huyo anafikiwa kupitia Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji, ambayo hufanyika kila baada ya miezi mitatu. Akina mama wanakuja na watoto, wanapimwa, na wanafundishwa kupika uji wenye lishe. Mboga, mayai na maharage yakiletwa siku ile, yanapikwa pale pale. Katikati ya siku hizo, mhudumu wa afya ngazi ya jamii ndiye anayejua nyumba zenye mtoto aliyepungua uzito. Anaweza kufikisha kikapu bila kutangaza jina la mtu mkutanoni.

Tahadhari

Mahindi yenye ukungu si ya kugawa. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu mikoa ya Dodoma na Manyara. Mboga zilizopigwa dawa nazo zisubiri siku zilizoandikwa kwenye chupa kabla ya kuvunwa. Kama wewe huwezi kumlisha mwanao, usimpe mtoto wa jirani.

Kugawana kuna mpaka wake

Kikapu cha mboga hakimalizi udumavu. Maji machafu, kuhara, na mama mjamzito kulima hadi siku ya kujifungua vinachangia pia. Wala hakichukui nafasi ya TASAF au wajibu wa halmashauri. Ndiyo maana pamoja na mboga tugawane mbegu za mchicha, marando ya viazi lishe na miche ya matunda, ili mwakani aliyepokea naye awe na bustani yake.

Mkutano mkuu wa kijiji nao hufanyika kila baada ya miezi mitatu. Ukifika, uliza maswali matatu: mboga za ziada zipokelewe na nani, zipelekwe siku gani, na nani atahakikisha zimefika kwa watoto wa chini ya miaka miwili. Majibu yakipatikana, mwenyekiti hahitaji bajeti kuanza.