Bunduki isiyopimwa isiingie porini

Kila Julai, msimu wa uwindaji wa kitalii unapofunguliwa, magari huanza kushuka vitaluni yakiwa yamebeba wageni, mahema, vyakula na masanduku ya bunduki yenye kufuli. Nataka kuzungumzia masanduku hayo. Bunduki iliyokuwa ikipiga barabara kwao Texas au Hispania imepita mikononi mwa wapakiaji wa mizigo katika viwanja viwili vitatu vya ndege, kisha ikasukwasukwa kutwa nzima nyuma ya Land Cruiser kwenye makorongo. Ikifika kambini, hakuna ajuaye inapiga wapi. Mwenyewe hajui. Mwindaji bingwa anayempokea hajui. Mfuata nyayo, ambaye kesho alfajiri ndiye atakayetangulia, hajui vilevile, na hana nafasi ya kuuliza.

Nimefuata nyayo kusini mwa Rufiji kwa sehemu kubwa ya ujana wangu, na baadaye nikavaa sare ya askari wa wanyamapori. Ninachokitaka kisemwe wazi na kiandikwe katika taratibu ni hiki: kila bunduki ipimwe kwanza kwa karibu, mita 25, kisha ipimwe kwa mita 100, kwenye karatasi, mbele ya askari wa wanyamapori, na karatasi hiyo iambatanishwe na kibali. Bunduki isiyo na karatasi ibaki kwenye sanduku lake.

Wenye kambi watasema jambo hili tayari linafanyika. Ni kweli, mgeni akifika hupelekwa nyuma ya kambi apige risasi moja au mbili. Lakini nimeona yanayofanyika huko. Kopo hutundikwa kwenye mti, umbali hukadiriwa kwa macho, mgeni anapiga, kopo linaruka, watu wanapiga makofi, na jioni inaendelea. Kopo lililoruka halisemi risasi ilipita katikati au iligusa ukingo. Halisemi kama risasi ya pili ingeifuata ya kwanza. Siku inayofuata mgeni huyo anaegemeza bunduki kwenye fimbo tatu, mbele yake kuna mbogo dume mwenye uzito unaopita kilo 600, na mtu wa kwanza kujua ukweli wa bunduki ile anakuwa mbogo.

Kwa nini mita 25? Wengi hudhani ni kwa sababu karibu ni rahisi. Sababu yenyewe iko katika jinsi bunduki ilivyotengenezwa. Darubini hukaa juu ya mtutu, kwa kawaida kama sentimita 4. Jicho huona kwa mstari ulionyooka, lakini risasi haiendi hivyo, kwa sababu tangu inapotoka kwenye mdomo wa mtutu inaanza kuvutwa chini. Kwa hiyo mtutu huelekezwa juu kidogo, kama mtoto anavyolenga jiwe juu ya embe analolitaka. Risasi huanza safari ikiwa chini ya mstari wa jicho, huukata mstari huo ikipanda, husafiri juu yake, kisha huinama na kuukata mara ya pili huko mbele. Kwa bunduki nyingi zenye darubini, mkato wa kwanza huangukia karibu na mita 25.

Chukua risasi ya .375 H&H, ambayo Holland & Holland wa London waliitoa mwaka 1912 na ambayo mpaka leo ndiyo kipimo cha chini kwa wanyama wa hatari katika mapori mengi ya Afrika. Yenye kichwa cha greni 300, yaani zaidi kidogo ya gramu 19, hutoka kwa kasi ya kama mita 770 kwa sekunde. Ukiirekebisha ipige katikati kabisa kwa mita 25, kwa mita 100 itapiga sentimita 5 au 6 juu, na itarudi kwenye mstari karibu na mita 180. Bunduki ya .30-06, ambayo wengi huitumia kwa kongoni na swala pala, hufuata njia inayofanana na hiyo, ila mkato wake wa pili uko mbele kidogo, karibu na mita 200. Maana yake ni kwamba kipimo cha karibu kikifanywa kwa uangalifu kinakuweka jirani sana na unapotaka kufika kwa mbali, tena kwa risasi chache.

Uchache wa risasi si jambo dogo. Abiria wa ndege haruhusiwi kubeba risasi zaidi ya kilo 5, na risasi hizi kubwa ni nzito na ghali. Halafu zinaumiza bega. Mtu akishapiga .375 mara nane au kumi akiwa ameketi mezani, mwili wake unaanza kujikunja kabla ya mlio, naye haoni. Anayeanzia mita 100 na bunduki iliyohama anapiga mchanga, anakisia, anazungusha darubini, anapiga tena mchanga. Risasi iliyokosea sentimita 20 kwa mita 25 bado inaonekana kwenye karatasi kubwa. Kwa mita 100 kosa hilohilo ni sentimita 80, karatasi inabaki safi, na hakuna wa kukwambia kama umepita kushoto, kulia au juu.

Kazi yenyewe haihitaji uwanja wala mtaalamu kutoka ng'ambo. Tafuta kichuguu kikubwa au ukingo wa korongo ulio wima, risasi izame kwenye udongo. Hakikisha nyuma yake hakuna kambi, njia wala kisima. Pima mita 25 kwa kamba. Jaza mchanga kwenye viroba, laza bunduki juu yake kwa sehemu ya mti. Mtutu wenyewe usigusane na kitu kigumu, maana utaruka na kukupa jibu la uongo. Kabla ya risasi ya kwanza toa bolti, chungulia ndani ya mtutu mpaka uione alama ya karatasi katikati ya tundu, kisha bila kuitikisa bunduki tazama kwenye darubini. Kama msalaba wake uko kwingine, zungusha mpaka viwili hivyo vikubaliane. Hapo hujapoteza hata risasi moja, na tayari umejua kama darubini imehama sana au kidogo.

Ndipo upige. Piga moja uone, kisha tatu kwa utulivu, ukiacha mtutu upoe, kwa kuwa mtutu wa moto haupigi sawa na wa baridi, na porini risasi inayoamua hutoka kwenye mtutu wa baridi. Rekebisha kwa kufuata katikati ya matundu matatu, usilifuate tundu moja. Hapa wageni wengi huchanganyikiwa. Wamesoma kwenye darubini kwamba kliki moja ni robo inchi, nao husahau kwamba robo hiyo, kama milimita 6, ni ya umbali wa yadi 100. Kwa mita 25 kliki hiyohiyo haifiki hata milimita 2. Mtu anazungusha kliki nne, haoni tofauti, anasema darubini imekufa. Haijakufa. Anatakiwa kuzungusha mara nne ya alivyodhani.

Sasa nije kwa wale wanaoishia hapo. Kuna kauli maarufu makambini kwamba bunduki ikishapiga katikati kwa karibu, huko mbali itajipeleka yenyewe. Kauli hiyo imejeruhi wanyama wengi. Kosa la sentimita 2 kwenye mita 25, ambalo kwenye karatasi unaweza kulifunika kwa kidole gumba, ni sentimita 8 kwenye mita 100 na 16 kwenye mita 200. Kifua cha swala pala hakivumilii kosa hilo. Risasi inayotakiwa kuingia kwenye mapafu inaangukia tumboni, au inavunja mguu. Tena hesabu nilizotaja hapo juu ni za risasi za aina moja na mtutu wa aina moja. Badilisha uzito wa kichwa cha risasi, au inua darubini kwa sentimita moja, nazo zinabadilika. Kwa hiyo karibu ni pa kuanzia, na mita 100 ni pa kuthibitishia. Karatasi iwe na vyote viwili.

Ninasisitiza haya kwa sababu ninajua gharama inamwangukia nani. Mbogo akipigwa vibaya haanguki, anakata kwenda kwenye matete au kichaka kinene. Watu wanasubiri nusu saa au zaidi, wengine wanavuta sigara, hakuna anayezungumza sana. Kisha mfuata nyayo anainama kwenye damu ya kwanza. Damu yenye mapovu, nyekundu ya kung'aa, ni ya mapafu, na hapo moyo unatulia kidogo kwa kuwa mnyama hatakwenda mbali. Damu nyeusi nyeusi iliyochanganyika na majani yaliyotafunwa ni ya tumbo, na siku hiyo itakuwa ndefu. Kwa mpangilio wa kazi, macho ya mfuata nyayo yako chini, kwenye jani lililopinda na tone lililokauka. Wenye bunduki wako nyuma au pembeni yake, wanatazama mbele. Yeye mkononi ana kijiti. Mbogo aliyejeruhiwa ana tabia ya kuzunguka na kusimama pembeni mwa nyayo zake mwenyewe, akingoja, na umbali anaotokea ni wa hatua chache tu. Nimefanya kazi na wanaume hodari waliobeba makovu ya siku kama hizo maisha yao yote, na wapo ambao hawakurudi kambini. Katika habari zinazoandikwa kuhusu ajali hizo huitwa wasaidizi.

Mgeni naye hupoteza. Kwa taratibu zetu mnyama aliyejeruhiwa akatoweka hulipiwa kama aliyeuawa. Lakini fedha inalipika. Mnyama anayekufa siku tatu baadaye na fisi wakimla nusu hai halipiki, na mfuata nyayo hana wa kumlipa.

Wapo wanaopinga kwa hoja ninazoziheshimu. Mwindaji bingwa mmoja mzoefu aliwahi kuniambia kwamba mlio wa risasi karibu na kambi hufukuza wanyama. Ni kweli kwa saa chache. Pigeni mchana wa siku ya kuwasili, wakati hakuna anayewinda kutokana na jua, na jioni eneo limeshatulia. Wengine wanasema mgeni aliyelipa fedha nyingi hapendi kupimwa kama kuruta. Kwa uzoefu wangu wageni wanaojua bunduki ndio wanaoomba kupima kabla hata ya kunywa chai, na huomba tena gari likipita kwenye njia mbaya au bunduki ikianguka. Anayekataa kupiga karatasi anaficha jambo, na mara nyingi anaiogopa bunduki yake.

Usumbufu wa kiofisi haupo. Tayari askari wa wanyamapori huandamana na kila msafara wa uwindaji wa kitalii, tayari anajaza fomu ya kila mnyama. Chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya 2009, na kwa madaraka ya Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania (TAWA) juu ya mapori ya akiba, kuongeza karatasi moja kwenye jalada lile ni uamuzi wa kikao kimoja. Iandikwe tarehe, aina ya bunduki, uzito wa risasi, umbali, na matundu yenyewe yaachwe yajieleze. Wasaini mgeni, mwindaji bingwa, askari, na mfuata nyayo. Huyu wa mwisho namtaja makusudi, kwa kuwa mtu anayetembea bila silaha mbele ya bunduki ya mwenzake anastahili kujua inapiga wapi.

Na nisiishie kwa wageni. Huko Liwale, Nachingwea na Tunduru, mahindi yanapokomaa, tembo huingia mashambani usiku, na anayeitwa ni askari mwenye bunduki ya zamani isiyo na darubini, iliyobebwa mgongoni kwenye pikipiki miaka nenda rudi. Siku moja kijijini tuliitega bunduki ya namna hiyo kwenye gunia la mchanga, hatua 25, wanakijiji wakitazama. Ilipiga nusu shibiri kushoto. Kilengeo cha mbele kilikuwa kimegongwa na hakuna aliyegundua. Tulikisogeza polepole kushoto, upande uleule wa kosa, maana kilengeo cha mbele hufanya kazi kinyume na cha nyuma, mpaka matundu yakahamia katikati. Kwa bunduki ya vilengeo vya chuma, ambavyo huwa karibu zaidi na mtutu kuliko darubini, kipimo cha mita 25 kinatosha karibu kabisa hata kwa mita 100, tofauti ni sentimita chache. Yaani askari wa kijiji anaweza kumaliza kazi yote nyuma ya ofisi ya kata.

Kinachomzuia ni risasi. Anapewa za kazi, anazihesabia moja moja, na akitumia mbili kwenye karatasi anaulizwa zilikokwenda. Halmashauri na mamlaka zinazowapa silaha hizi ziwatengee za kupimia, mbali na za kazi: risasi sita kwa kila bunduki, zitolewe kabla mahindi hayajaanza kubeba, na karatasi yenye matundu ndiyo iwe stakabadhi yake.