Operesheni Shujaa na Mlango wa Nyumba Zetu



Ndugu Waislamu, mnamo Novemba 30, 2021 majeshi ya Uganda yaliingia mashariki ya Kongo, kwa makubaliano na serikali ya Kinshasa, kuwaandama wapiganaji wa ADF. Wiki mbili kabla yake mabomu yaliripuka Kampala. Operesheni hiyo ikaitwa Shujaa.

Dola ina wajibu wa kuwalinda raia wake, hilo hatulipingi. Kambi zilivunjwa na mateka wakaokolewa. Lakini wapiganaji waligawanyika vikundi vidogo, wakasogea hadi Lubero na Ituri, na mauaji yakaendelea. Juni 2023 wanafunzi zaidi ya 30 waliuawa shuleni Mpondwe, Uganda, wengine wakichomwa bwenini. Julai 2025 waumini waliuawa kanisani Komanda.

Watu hawa wanajinasibisha na Uislamu, kwa hiyo hatuna ruhusa ya kunyamaza. Ni jihadi gani inayomchoma mtoto aliyelala? Suratul-Maida, aya ya 32, inatufundisha uzito wa kuua nafsi moja bila ya haki. Kule Beni, Sheikh Ali Amini, aliyekuwa akikemea siasa hizo kali, alipigwa risasi akiwa katika swala, Mei 2021.

Huenda mtu wa Tabata akasema hayo ni ya Wakongo. La hasha! Desemba 2017 walinda amani wa Kitanzania wasiopungua 14 waliuawa Semuliki. Aliyekuwa kiongozi wa kundi hilo, Jamil Mukulu, alikamatwa humu nchini mwaka 2015. Na wachunguzi wa Umoja wa Mataifa wameeleza jinsi vijana wanavyorubuniwa kwa ahadi za ajira na masomo.

Askari anaweza kumfuata kijana msituni. Hawezi kumzuia asitoke sebuleni. Kazi hiyo ni ya wazazi. Mwanao akiahidiwa masomo ya dini nchi jirani, nauli ikiwa imekwisha lipwa, uliza: chuo gani, mudiri wake nani, nani amelipa? Mshirikishe imamu wa msikiti wako. Asiyetaka kuulizwa, usimkabidhi mtoto. Nasi walimu tulifundishe neno jihadi kwa maana yake na mipaka yake. Tukilinyamazia, atalifundisha mwingine.

Ewe Mola, wahifadhi watoto wetu, na uwape amani watu wa Beni na Ituri. Amin.