Leza Haikati Kila Kitu, Wacheni Kutudanganya

Wasee, nisikizeni kidogo. Kila nikifungua simu nakutana na mtu anauza mashine ndogo ya leza, na maneno ni yale yale: "Inakata kila kitu! Jiajiri leo!" Huo ni uongo, na si uongo mdogo wa soko kama "nakupea bei ya kununua." Huu unaingia mpaka kifuani.

Tuanze na pesa, maana najua hapo ndipo mtanisikiza. Hizo mashine za bei ya chini nyingi ni za diodi. Mwanga wake ni wa buluu, nanomita 450 hivi. Ukiweka plywood nyembamba, kadibodi au ngozi, sawa, utakula. Lakini ukiweka perspex isiyo na rangi, mwanga unapita tu kama jua dirishani. Hapo unahitaji leza ya kaboni dioksidi, yenye mwanga wa nanomita 10,600 ambao perspex inaunyonya. Na hiyo nayo ina mipaka. Kwa glasi itachora jina poa sana, ila haitakata. Kwa shaba au alumini tupu, mwanga mwingi unarudishwa kama kwa kioo. Kuandika kwenye chuma ni kazi ya leza ya faiba. Kwa hivyo yule kijana aliyekopa anunue mashine ya wati 5 ndio akate herufi za perspex za mabango ameuziwa mbuzi kwenye gunia.

Lakini hasara ya pesa mtu anaweza kuamka tena. Kinachonikera zaidi ni PVC.

PVC iko kwa stika za vinyl, iko kwa zile bodi nyeupe za matangazo, na rexine nyingi imetengenezwa nayo. Shida ni kwamba leza inaikata. Inaikata vizuri tu, ndio maana watu hawashtuki. Lakini ndani ya PVC kuna klorini. Ukiichoma inatoa gesi ya haidrojeni kloridi, na hiyo gesi ikikutana na unyevu inakuwa asidi. Sasa jiulize unyevu uko wapi. Uko machoni, puani, kooni, kwenye mapafu yako.

Nimefanya kazi miezi saba kwa kibanda kimoja cha kuchonga hapa Nairobi. Rexine tulikata karibu kila siku. Macho yakiwasha tunaambiwa, "Fungua dirisha, wacha drama." Kisha reli za mashine zikaanza kushika kutu, skrubu zikaliwa. Hapo ndipo bosi alishtuka! Fundi akaitwa siku hiyo hiyo. Aliangalia mara moja tu akauliza, "Nyinyi mnakata PVC?" Reli mpya zikanunuliwa. Mimi nilikuwa nakohoa kabla hiyo kutu ionekane, na hakuna mtu aliitwa kuja kuniangalia. Chuma kina spea. Mapafu hayana.

Najua jibu lenu: "Mteja ndiye anataka rexine, na kazi ni kazi." Sawa, mpe rexine, lakini ikate kwa makasi au kisu. Stika zina plota yake yenye kisu, haihitaji moto. Mteja akitaka urembo wa leza, muuzie ngozi halisi, Kariokor si mbali. Na usiniambie habari ya feni. Feni ya kawaida inakutolea moshi wewe na kumpelekea mama wa chipsi hapo nje.

Kama hujui plastiki uliyoletewa ni gani, usibahatishe. Toka nje, shika waya wa shaba kwa koleo, uchome mpaka uwe mwekundu, uguse nao hiyo plastiki, kisha urudishe kwa moto. Moto ukigeuka kijani, dalili ni kwamba kuna klorini. Rudisha mzigo. Hiyo ni dakika mbili tu.

Na mabosi, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inasema usalama wa mfanyakazi ni jukumu lenu. Haisemi ni jukumu la dirisha.

Sijitoi kwa lawama. Mimi pia nilipost video ya rexine ikikatwa, moshi unapanda polepole, muziki mtamu chini. Ilipendwa kuliko zote nilizowahi kuweka. Leo asubuhi nimeifuta, kwa sababu kuna mtoto wa Form Four mahali aliiona akasema hii ndiyo biashara yake.

Kama rafiki yako anaenda kununua mashine, mwambie amuulize muuzaji swali moja tu: "Hii haifai kukata nini?" Akijibiwa "hakuna," arudi nyumbani na pesa yake.