KUTANGULIA SI KUFIKA

Katika mji wa Mbinga liko kundi la marafiki ambao siku za mapumziko hukutana alfajiri, kila mtu na baiskeli yake, wakaondoka pamoja kwa safari ndefu. Wamo walimu, mafundi, wakulima wa kahawa, wenye maduka na vijana waliomaliza shule. Hawana ofisi wala mhuri. Mali yao ni daftari moja, pampu mbili na mapatano. Sisi tumesafiri nao zaidi ya mara moja, na leo twapenda kusema neno juu yao, maana limezuka kati yao shauri ambalo, ingawa ni la baiskeli, lawahusu hata wasiopanda baiskeli.

Shauri lenyewe ni hili: je, wenye baiskeli nyepesi za gia wajitenge na wenye baiskeli za kawaida, kila upande uende kwa mwendo wake, au wote wabaki kundi moja kama walivyoanza?

Ili msomaji aelewe uzito wa jambo hili, hana budi kwanza kuijua barabara yenyewe. Mbinga iko juu, katika nchi ya Wamatengo, zaidi ya mita 1,200 kutoka usawa wa bahari. Ziwa Nyasa liko chini, mita 475 hivi. Kati ya Mbinga na Mbamba Bay pana mwendo wa kilomita kama 66, na katika mwendo huo msafiri huteremka mita zaidi ya 700. Zamani barabara hiyo ilikuwa ya udongo. Wakati wa mvua, tangu Novemba au Desemba mpaka Aprili, magari yalikwama, na aliyekuwa na baiskeli aliisukuma kwa miguu. Siku hizi ni lami. Hilo ni jambo la kushukuru, kwa kuwa kahawa yashuka na samaki wapanda kwa urahisi ambao wazee wetu hawakuujua. Lakini lami, ambayo imeondoa matope, imeleta pia mwendo wa kasi. Mahali ambapo zamani mashimo yalimlazimisha mtu kwenda polepole, leo hakuna kinachomlazimisha ila busara yake mwenyewe na breki zake.

Jumamosi moja ya kiangazi tuliteremka barabara hiyo tukiwa watu kumi na wawili. Asubuhi ilikuwa ya baridi na ukungu, kama ilivyo desturi ya milima ile. Tulitoka Mbinga kwa mstari mmoja mzuri, tukipokezana mbele ili kila mtu apate zamu yake ya kuukata upepo na zamu yake ya kupumzika nyuma ya wenzake. Hapo ndipo utamu wa kwenda kwa kundi ulipo: mtu asiye na nguvu nyingi hufika mbali kuliko ambavyo angefika peke yake, kwa sababu mgongo wa mwenzake humkinga.

Miteremko mikubwa ilipoanza, mstari ulikatika. Ukungu ulikuwa umeondoka, maji ya ziwa yakaonekana kwa mbali, na kila aliyekuwa na baiskeli nzuri aliiachia. Hakuna aliyetoa amri ya kuwaacha wengine, wala hakuna aliyekusudia ubaya. Tuliteremka tu, tukifurahi kama watoto.

Tulipofika Mbamba Bay tuliagiza ugali na samaki. Mwenye mkahawa alituuliza tu watu wangapi, nasi tukajibu kumi na wawili. Akahesabu, akasema anaona kumi na mmoja. Tulisema huyo mmoja atakuja, maana baiskeli yake ni nzito. Tukanawa mikono, tukala.

Hakuja. Aliyekuja ni dereva mmoja aliyetuambia kwamba kijana wetu amelala kando ya barabara huko juu. Breki za baiskeli yake, ambayo ni ya mizigo na aliirithi kwa baba yake, zilikuwa zimekwisha mipira. Alipoona haikamatiki, na mbele yake kuna kona na bonde, alichagua kuiingiza kwenye mtaro wa upande wa mlima. Uamuzi huo ndio uliomponya. Alivunjika mtulinga, akachubuka uso na mikono, akakaa pale karibu saa nzima na wakulima waliompa maji ya kunywa na kivuli.

Tulipomfikia hakutulaumu. Alisema neno moja tu: "Nilipiga kengele, lakini hakuwepo wa kuisikia."

Sisi tunaoandika haya tulikuwa miongoni mwa wale kumi na mmoja. Hatuandiki kama waamuzi waliokaa pembeni.

Baada ya ajali hiyo ndipo baadhi ya ndugu zetu walipotoa shauri la kugawanyika. Wanasema, na wanasema kwa nia njema, kwamba kijana yule aliumia kwa kujaribu kuwafuata wenye gia. Basi kila aina ya baiskeli iwe na kundi lake, na siku yake, na njia yake, mtu asije akaumia tena kwa ajili ya wenzake.

Wanaongeza hoja ya pili, nayo ina nguvu. Wanasema mchezo wa baiskeli unakua katika Afrika yetu, nasi tusibaki nyuma. Biniam Girmay wa Eritrea alitwaa fulana ya kijani katika Tour de France mwaka 2024. Mwezi Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifanyika Kigali, Rwanda, kwa mara ya kwanza katika bara hili. Milima ya Kigali, wanasema, haina jambo ambalo milima ya Umatengo haina. Kijana wa Mbinga atawezaje kufika huko, ikiwa kila Jumamosi anafungwa kamba na mwenye baiskeli ya kubebea magunia?

Tumezipima hoja zote mbili kwa makini, na twasema wazi kwamba hatukubaliani na kugawanyika.

Hoja ya kwanza ina sura ya huruma, lakini ukiitazama vizuri utaona kwamba haimwondolei mnyonge hatari, bali yawaondolea wenye nguvu lawama tu. Kijana yule hataacha kuteremka barabara ile. Baiskeli kwake si mchezo wa Jumamosi peke yake: ndiyo inayompeleka mashineni na gunia la mahindi, na ndiyo inayomrudisha kutoka ziwani na usipa wa kuuza. Tukimtenga, atateremka kwa breki zile zile, ila safari hii hata huko chini mkahawani hatakuwepo mtu wa kuhesabu watu na kuona kwamba mmoja hayupo. Hiyo si huruma.

Ama hoja ya pili, sisi nasi twataka mabingwa. Lakini tuwaulize ndugu zetu: bingwa hupatikana wapi? Hapatikani katika kuteremka. Kuteremka hata gunia la mahindi laweza, likiachiwa. Kinachompima mwanadamu ni kupanda. Katika mashindano yale ya Kigali, mbio za wanaume zilikuwa za kilomita zaidi ya 267, na kati ya watu zaidi ya mia na hamsini walioanza, waliomaliza walikuwa kama thelathini tu. Kilichowaondoa wengi ni vilima, vilivyorudiwa mara kwa mara mpaka miguu ikakataa.

Kwa hiyo sisi twatoa shauri jepesi: tushindane kupanda, tushuke pamoja. Wenye nguvu wakitoka Mbamba Bay kurudi Mbinga, na waachwe waende. Hapo pana mita 700 za kuonyesha ubingwa wao, na mtu anayeachwa nyuma akipanda hapati hatari kubwa zaidi ya uchovu na jua. Lakini katika kuteremka, mwendo uwe ni wa yule mwenye breki dhaifu kuliko wote.

Jambo hili si woga. Kila fundi wa baiskeli ajua kwamba mwendo ukiongezeka mara mbili, umbali unaohitajika ili breki zikusimamishe huongezeka mara nne. Breki zikikamatwa kwa muda mrefu mteremkoni, ringi hupata moto, na moto ukizidi mpira wa ndani waweza kupasuka. Ringi za chuma za baiskeli zetu za kawaida zikilowa mvua, breki huteleza juu yake kama mkono wenye sabuni. Wala ustadi haumwondoi mtu katika sheria hizi. Suleiman Kangangi wa Kenya, nahodha aliyewaongoza wenzake wengi wa Afrika Mashariki katika mchezo huu, alianguka akiwa katika mwendo wa kasi kwenye mashindano huko Vermont, Marekani, mwezi Agosti 2022, akafa. Ikiwa mtu kama yeye aliweza kuanguka, sisi wa Jumamosi tujivunie nini?

Tena wakazi wa Mbinga hawana haja ya kufundishwa na mgeni namna ya kuishi na mteremko. Tangu zamani Wamatengo hulima ngolo, yaani mashimo yaliyopangwa mlimani safu kwa safu, ili maji ya mvua yasiteremke kwa haraka na kuchukua udongo. Kila shimo huyashika maji kidogo, na kwa sababu yote hushika, mlima mzima husimama. Lakini safu ya juu ikiachia, ya chini haiwezi. Mkulima anayelijua hilo shambani hashindwi kulijua barabarani.

Yapasa basi kundi lile, na makundi mengine ya namna hiyo, liandike katika daftari lake mambo machache na kuyashika. Kwanza, asitoke mtu kabla breki zake hazijakaguliwa na mwenzake, si na yeye mwenyewe. Pili, mmoja atangulie na asipitwe mteremkoni, na mwingine mwenye uzoefu awe mkia, naye asimpite mtu yeyote. Huyo wa nyuma ndiye abebe pampu, viraka na dawa ya vidonda. Tatu, viwekwe vituo vya kusimama kabla ya kila mteremko mkubwa, watu wahesabiwe na ringi zipoe. Nne, katika kona kila mtu awe kushoto, nyuma ya mwenzake, wala wasiende wawili wawili wakizungumza. Tano, uwepo mfuko. Gharama ya mlo mmoja wa mkahawani yatosha kununua mipira mipya ya breki. Kundi lenye watu kumi na mmoja waliokula samaki siku ile lilishindwaje kumnunulia mmoja mipira ya breki? Swali hilo twajiuliza sisi wenyewe kwanza.

Kwa wale wanaodhani kwamba kwenda pamoja ni kwenda karibu, twawakumbusha msafara wa Twende Butiama, ambao wapanda baiskeli wake hutoka Dar es Salaam hadi Butiama kumkumbuka Mwalimu Nyerere, mwendo wa zaidi ya kilomita 1,000. Safari ya siku nyingi kama hiyo haifanywi kwa kukimbiana.

Twapenda pia kuwaambia wasio katika kundi. Madereva wa malori ya kahawa na wa mabasi wafahamu kwamba barabara ile haikujengwa kwa ajili yao peke yao. Mwenye baiskeli naye ni mwenye barabara. Honi kali nyuma ya mtu anayeteremka haimsaidii kukaa kando, bali yamtia hofu, na hofu humwangusha. Nao TANROADS, walio na dhamana ya barabara kuu, twawaomba waweke alama za kutosha mbele ya kila mteremko mrefu, na wahakikishe kwamba kando za barabara hazigeuzwi kuwa mahali pa kulundika mchanga na kuni, kwa maana kando hizo ndizo mahali pa kupita wenye miguu na wenye baiskeli.

Mwaka 2012 Wilaya ya Nyasa ilimegwa kutoka Mbinga, ili huduma ziwe karibu na wananchi. Mpaka ulichorwa, lakini udugu wa watu wa milimani na watu wa ziwani haukukatwa, nao bado wanahitaji kutembeleana. Kundi la marafiki linalotoka Mbinga asubuhi na kula samaki Mbamba Bay mchana lafanya kazi njema ya kuushikilia udugu huo. Ingekuwa aibu kundi hilo hilo lijigawe lenyewe kwa sababu ya gia.

Kijana wetu amepona. Mtulinga umeunga, na mipira ya breki amepewa. Tulipomuuliza kama atarudi barabarani, alijibu kwamba atarudi, kwa sharti kwamba tusimwache tena nyuma. Sisi twaona sharti hilo ni la haki, tena ni dogo. Wazee walikwisha sema kwamba kutangulia si kufika. Kumi na mmoja kati ya kumi na wawili hawajafika. Safari ijayo, kabla ya kuagiza chakula, na tuhesabiane.